Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali yetu ya rufaa: turudishieni kundi la Alhamisi

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, wenye dhamana ya bima ya afya, na wagonjwa wenzangu wote.

YAH: KUFUNGWA KWA KUNDI LA TIBA YA MAUMIVU SUGU

Mheshimiwa Dokta, shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla sijaanza niseme wazi kwamba hii barua sio ya kumchafua mtu, ndo maana hospitali siitaji jina wala mkoa siutaji, wenyewe mtajijua. Tulianza na njia zote za kistaarabu. Tumeongea na sista wa zamu, tumeandika tukatumbukiza kwenye sanduku la maoni, tukaandika barua rasmi ikagongwa muhuri pale masjala na nakala ninayo, tukapiga ile namba ya malalamiko iliyobandikwa ukutani wakatuambia litafanyiwa kazi. Mpaka leo kimya. Ndo maana tumekuja kusemea huku ambako kila mtu anasoma.

Kwa wasiojua ni kitu gani tunachokililia, hospitalini kwetu kulikuwa na kundi la watu wenye maumivu ya muda mrefu, mgongo, magoti, shingo, wengine waliopata ajali mifupa ikaunga vizuri lakini maumivu hayakuondoka, na dada mmoja mwenye selimundu, yani sikoseli. Tulikuwa tunakutana Alhamisi mchana kwenye chumba cha mwisho idara ya fiziotherapia, anatuongoza dada wa fizio pamoja na mwanasaikolojia tiba aliyekuwa pale kwa mkataba. Walikuwa wanatupa tiba ya fikra na tabia, wengi wanaiita CBT. Hakuna sindano wala mashine, ni viti, daftari, mkeka na watu wawili wanaojua wanachokifanya. Mkataba wa mwanasaikolojia ukaisha haukuongezwa, chumba kikawekwa maboksi ya vifaa, na sisi tulijua siku tuliyokuta kufuli mlangoni.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Tunaambiwa hatuumwi

Hili ndilo linalouma kuliko mgongo wenyewe. Mtu anaenda anapigwa picha, eksirei, mwenye uwezo anachangishiwa na ukoo anaenda mpaka kwenye MRI, majibu yanarudi hayana kitu kikubwa, basi daktari anafunga faili anakwambia wewe huna ugonjwa, ni mawazo tu, kapumzike. Mwingine anaambiwa anadeka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niliwahi kuambiwa mbele ya foleni nzima kwamba walimu mnapenda kutafuta ED, yani karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi. Nilitoka pale nikiwa nimeinamisha kichwa, na maumivu yangu nikarudi nayo nyumbani vilevile.

Dokta, ninyi ndo mmesoma, mnajua kuliko mimi kwamba maumivu yakizidi miezi mitatu yanahesabika kuwa sugu, na kwenye orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, maumivu sugu yana sehemu yake na namba zake, ikiwemo yale ambayo yenyewe ndo ugonjwa hata kama picha haionyeshi kitu. Na kabla hata mimi sijazaliwa, mwaka 1965, watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walishaandika kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango, ujumbe wa maumivu unaweza kupunguzwa au kuongezwa njiani kabla haujafika kwenye ubongo, na hali ya ubongo wenyewe, hofu, uchovu, huzuni, inachangia lango lifunguke au lifunge. Dada wa fizio alitueleza kwa mfano wa mbwa wa ulinzi aliyewahi kuvamiwa na wezi, tangu siku hiyo anabweka hata mwenye nyumba akipita, mbweko ni wa kweli na unasikika mtaa mzima ila mwizi hayupo. Kwa mara ya kwanza mtu wa hospitali alituambia maumivu yenu ni ya kweli na tena akatueleza yanavyokuja.

Sasa kuna watu, hata ndani ya hospitali, wanasikia neno saikolojia wanadhani tunaambiwa tumechanganyikiwa. Hapana. Hii tiba haisemi unajifanya. Inaanzia palepale kwamba unaumia kweli, alafu inauliza maumivu haya yamekufanya uache nini, uogope nini, ulale vipi, na vipi hayo yote nayo yanarudi kuyakoleza maumivu.

2. Tunazoeshwa dawa

Tangu kundi lifungwe wengi wetu tumerudi kwenye mzunguko uleule, ukienda unachomwa sindano ya maumivu ya diclofenac, unapewa karatasi ya vidonge vya wiki mbili, vikiisha unajinunulia mwenyewe duka la dawa bila hata cheti. Kuna mama kwenye kundi letu tumbo lilishaharibika kwa vidonda, na presha anayo, lakini kila akija anaandikiwa dawa za kundi lilelile maana hakuna anayefungua kurasa za nyuma kwenye daftari lake. Hizi dawa zikitumika muda mrefu zinagusa tumbo, figo na presha, hilo sio siri. Kuna kijana mwingine alipewa tramadol, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, baada ya ajali, siku hizi anaitafuta mitaani, na sitasema zaidi kwasababu ni mtoto wa watu na bado tunapambana naye.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini kwa watu wazima. Dawa kama diclofenac haijazikataa, lakini dawa jamii ya afyuni imesema zisitolewe kama utaratibu wa kawaida, na ile mikanda ya kiunoni tunayouziwa kwa bei mbaya nayo imeshauri isitumike. Inachopendekeza ni elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama masaji, na tiba za kisaikolojia ikiwemo hii ya fikra na tabia. Uingereza nao kwenye mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, wa Aprili 2021 kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana, wameandika mazoezi na CBT ndani, wakasema hata parasetamoli na hizo za jamii ya diclofenac msianzishie wagonjwa wa aina hii. Yani kile tulichokuwa nacho kwenye chumba cha mwisho kule fizio ndicho kinachopendekezwa na wakubwa wa dunia, sisi tukakitoa tukaweka maboksi.

3. Mmefunga kitu kilichokuwa kinafanya kazi

Naomba hapa nielezee kwa kirefu kidogo, maana nina wasiwasi walioamua kufunga hawajawahi hata siku moja kukaa ndani ya kile chumba.

Kila mmoja alipewa daftari akachora mistari. Saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, maumivu kiasi gani kutoka sifuri mpaka kumi, nikawaza nini, alafu nikafanya nini. Mwanzoni tuliona kama kazi ya shule. Baada ya wiki mbili tatu mtu unajisoma mwenyewe. Mama mmoja anayefua nguo za watu aligundua kwamba siku anayoamka nafuu ndo siku inayomponza, anafua mabeseni yote kwa mpigo ili afidie siku alizolala, jioni kiuno kimekaza, siku tatu zinazofuata hainuki, na akiwa amelala anawaza mimi ndo basi nimekuwa kilema watoto watakula nini, usingizi unakata, asubuhi maumivu yamepanda. Wakamfundisha kugawa. Anaweka alamu kwenye simu yake ya vitochi, anafua dakika kumi, alamu ikilia ananyanyuka ananyoosha mgongo hata kama bado hajaumia, na hapo ndo penyewe, unasimama kabla ya maumivu sio baada ya maumivu. Siku mbaya anafanya hizohizo dakika kumi, hapunguzi mpaka sifuri. Kila wiki anaongeza kidogo. Nilimuona kwa macho yangu akitoka kwenye kutafutiwa maji na majirani mpaka kurudi kwa wateja wake.

Kulikuwa na kaka wa bodaboda, alianguka zamani, akaambiwa na mtu mmoja hospitalini kwamba pingili zake zimesagika asije akainama. Yule mtu aliyesema labda alishasahau siku hiyohiyo, lakini yule kaka alibeba hayo maneno miaka, hainami, mke anamfunga kamba za viatu, akiangusha ufunguo anamuita mtoto auokote. Mgongo usiotumika unakuwa dhaifu, ukiwa dhaifu unauma, ukiuma anazidi kuamini pingili zimekwisha. Dada wa fizio alishampima akajiridhisha hakuna hatari. Mwanasaikolojia akamuuliza ukiinama unadhani kitatokea nini hasa, akasema nitapooza. Wakaandika hiyo hofu ubaoni. Alafu wakaweka helmeti yake juu ya meza akaichukua, wiki nyingine juu ya kiti, wiki nyingine juu ya stuli fupi, mpaka Alhamisi moja ikawekwa sakafuni. Alitokwa jasho kama anayebeba gunia. Akaiokota. Kundi zima tulipiga makofi na yeye mwenyewe alikaa chini akalia, mwanaume mzima, na hakuna aliyemcheka.

Upande wangu mimi nilifundishwa kukamata lile wazo la kwanza. Mgongo ukichoma nikiwa ubaoni wazo langu lilikuwa ni leo imekuja ile kubwa, siwezi kumaliza kipindi. Nikawa nafundishwa kuliuliza hilo wazo, mara ya mwisho ilipochoma hivi ilikuwaje, ilidumu muda gani, nilifanya nini ikapungua, na kupumua taratibu kwa tumbo huku nikibadilisha mkao, nawapa watoto zoezi la daftarini nakaa dakika chache alafu naendelea. Maumivu yapo mpaka leo, sidanganyi mtu. Ila nafundisha. Kabla ya hapo nilikuwa nakosa kazini mpaka mwalimu mkuu akaanza kuniandikia barua.

4. Namna mlivyofunga

Hakuna tangazo, hakuna simu, hakuna rufaa kwenda kwingine. Watu walikuwa katikati ya programu. Yule dada wa selimundu alikuja kutoka wilayani kwa nauli ya kukopa akakuta kufuli. Kama ingekuwa ni dozi ya kifua kikuu mngeikatisha katikati bila kumwambia mgonjwa?

Najua majibu mtakayotoa kwasababu mengine tumeshayasikia pale dirishani, kwahiyo nayajibu kabisa.

Mtasema hakuna wataalamu. Ni kweli wanasaikolojia tiba nchini ni wachache, lakini Muhimbili wanawafundisha na wanamaliza, wengine wanahangaika na ajira. Na sio lazima kila kitu kifanywe na mwenye shahada ya uzamili. Moshi hapo na Bungoma kule Kenya, watu wa kawaida wasio wataalamu wa afya ya akili walifundishwa kutoa aina ya CBT kwa watoto waliofiwa na wazazi, kwa vikundi, wakisimamiwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2020 na tiba ilipoisha wale watoto walikuwa na nafuu kuliko wenzao kwenye maeneo matatu kati ya manne ya utafiti, maana kila nchi ilikuwa na eneo la mjini na la kijijini. Harare kule Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kusaidia watu wenye msongo kwa tiba ya mazungumzo ya kutatua matatizo, na utafiti wake uliotoka 2016 ulionyesha inasaidia kweli. Hayo ya watoto na msongo sio maumivu ya mgongo, najua, ila yanaonyesha kwamba kazi hii inafundishika. Manesi tunao, mafizio tunao, na tangu 2024 serikali imezindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima. Mwanasaikolojia mmoja wa kuwafundisha na kuwasimamia anatosha kuanzia.

Mtasema bajeti. Naomba mkae na mhasibu mpige hesabu ya mtu mmoja tu wa kundi letu, sindano zake, vidonge vyake, picha zinazorudiwa, dawa za vidonda vya tumbo vilivyoletwa na hizo dawa nyingine, muda wa daktari anayemuona kila mwezi kwa kitu kilekile. Alafu muweke pembeni gharama ya chumba kimoja mchana mmoja kwa wiki.

Mtasema bima hailipi. Hili sio lenu peke yenu, na ndo maana nimeweka nakala kwa wenye dhamana ya bima. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kama bima inaweza kulipia sindano, ilipie na kikao. Lakini hospitali nayo ina kazi ya kuomba, na tulipouliza kama mmewahi kupeleka maombi hakuna aliyekuwa na jibu.

Mtasema wagonjwa wenyewe hawataki maneno, wanataka sindano. Mgonjwa anataka alichozoeshwa. Mimi mwenyewe niliingia pale kwa shingo upande. Mtu akielezwa vizuri na mtu anayemheshimu, kwa Kiswahili chake, anabaki. Kundi letu lilikuwa linajaa mpaka wengine wanakaa kwenye mkeka.

Na kuna daktari mmoja, namheshimu sana, aliniambia mwalimu, hiyo tiba faida yake kwenye tafiti ni ndogo. Yuko sahihi na sitaki kulikwepa hili. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 75 zenye watu zaidi ya 9,400, yakaona CBT inapunguza maumivu, ulemavu na msongo kwa wastani wa kiasi kidogo. Haiponyi, na wapo isiowasaidia. Lakini naomba hiyo mizani itumike kwa kila tiba mnayotupa. Hivyo vidonge tunavyokula miaka, faida yake kwa maumivu sugu ni kubwa kiasi gani, na madhara yake je? Hatujaomba dawa zifutwe wala mtu mwenye uvimbe au mfupa uliovunjika apelekwe kwenye mazungumzo. Mtu apimwe kwanza, dalili za hatari ziangaliwe, ganzi, homa, kukonda, kushindwa kuzuia haja, hayo yatibiwe yanavyotakiwa. Tunaongelea sisi ambao mmeshatupima mkamaliza, na mkabaki hamna cha kutupa.

Kwahiyo Mheshimiwa Dokta, kwa heshima zote, tunaomba yafuatayo:

a) Kundi la Alhamisi lirudi, kwenye chumba kilekile au kingine, hata chini ya mwembe pale nje ya fizio tutakaa.

b) Mwanasaikolojia tiba apatikane kwa ajira au kwa mkataba unaoeleweka, na manesi na mafizio wasiopungua wawili wafundishwe ili akiondoka mmoja kazi isife.

c) Mgonjwa wa maumivu ya zaidi ya miezi mitatu asitoke dirishani na vidonge peke yake, apewe maelezo ya ugonjwa wake na rufaa ya kwenda kwenye kundi.

d) Watumishi waelekezwe kuacha kutuambia tunadeka, tunatafuta ED au ni mawazo tu. Hili halina bajeti, linaweza kuanza kesho kwenye kikao cha asubuhi.

e) Hospitali ipeleke maombi rasmi kwenye bima ili vikao hivi vilipiwe, na sisi wagonjwa tupewe nakala. Tuko tayari kuandika ushuhuda wetu na kuweka sahihi.

f) Wale waliokatishiwa katikati watafutwe. Namba zao za simu zipo kwenye rejista ya dada wa fizio.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pale mapokezi ili kila mtu ayasome. Kama mtapenda kukutana nasi kabla ya hapo tutashukuru zaidi, tumechagua watu watatu wa kutuwakilisha na namba zao zipo kwenye ile barua iliyoko masjala. Wale watumishi wawili waliotuhudumia msiwaulize kuhusu barua hii, hawajui kama nimeiandika na hawahusiki nayo kwa lolote isipokuwa wema wao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mgonjwa wa maumivu sugu ya mgongo,
kwa niaba ya wenzangu wa kundi la Alhamisi.